Delta ya Rufiji Katika Picha za Kale: Mwambao Ulioonekana na Vilima Vilivyosahauliwa

Wapiga picha wa mwanzo wa pwani ya Afrika Mashariki walifungua studio zao palipokuwa na wateja, yaani katika miji ya bandari, na kwa sababu hiyo historia ya pwani hii katika picha imekuwa kwa sehemu kubwa historia ya miji. Kisiwani Unguja, studio za Wagoa kama ile ya A. C. Gomes na ile ya ndugu wa Coutinho zilipiga tena na tena sura ya mji kama ilivyoonekana kutoka baharini: jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883, kasri la Sultani, na majahazi yaliyotia nanga mbele yake. Meli za Uingereza zilipolipiga kasri hilo mizinga tarehe 27 Agosti 1896, magofu yake nayo yalipigwa picha. Dar es Salaam ilimpata Mjerumani Walther Dobbertin, aliyeacha mamia ya picha za bandari, askari na mitaa kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Delta ya Rufiji, ambayo misitu yake ilitoa boriti za kubebea dari za nyumba za pwani hiyo hiyo, haikuwa na mji wa kuvutia studio, na waliofika huko na kamera walikuwa watu wa kupita: wanamaji, maofisa, wataalamu wa misitu na wasafiri. Swali linalochunguzwa hapa ni kwa kiasi gani picha zilizotokana na wapitaji hao zinaweza kutumika kuandika historia ya watu wa delta na wa ardhi ya juu ya Kibiti na Rufiji, na ni mambo gani msomaji anapaswa kuyajua kabla ya kuziamini.

Delta ni ardhi inayoumbwa na mto unapokaribia bahari, maji yanapopunguza kasi, udongo unapotua na mkondo mmoja unapogawanyika kuwa mingi. Rufiji huingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, kwa milango kadhaa, ikiwemo Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni na Msala, na kati ya milango hiyo umetanda msitu wa mikoko wenye ukubwa wa takriban hekta 53,000, ambao ndio msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo ulioungana mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sehemu kubwa ya delta leo imo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo wa 2010, na vijiji vyake, kama vile Salale, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi na Msala, vimekaa kwenye visiwa na kingo za mikondo ambako mtumbwi ndio usafiri wa kila siku. Magharibi ardhi hupanda taratibu kuelekea bara, kwenye michanga ya mikorosho na minazi, hadi Kibiti mjini, Bungu na barabara kuu ya kusini, na ng'ambo ya mto Utete umekaa juu ya mwinuko unaoliangalia bonde. Kwa hiyo kuna mandhari mbili, ya majini na ya vilimani, na tofauti kati yake katika kumbukumbu za picha ndiyo kiini cha uchambuzi huu.

Boriti zilizopigwa picha mbali na kwao

Ushahidi wa kwanza wa delta katika picha haupo kwenye picha za delta. Upo kwenye picha za Unguja, Lamu, Mombasa na miji ya Ghuba, kwa kuwa mikoko ya Rufiji ilikatwa, ikapangwa kwa unene na urefu, ikapakiwa majahazini na kupelekwa kujenga majumba ya mawe. Wafanyabiashara waliihesabu kwa korja, yaani mafungu ya miti ishirini ishirini, na kila kipimo kilikuwa na jina lake, kuanzia fito na pau zilizo nyembamba, kupitia mazio na boriti, hadi nguzo zilizo nene. Boriti ya mkoko au mkandaa haioti ikawa ndefu bila kikomo, na kwa sababu hiyo vyumba vingi vya nyumba za kale za mawe vina upana wa karibu mita 3 au pungufu, hata pale nyumba yenyewe inapokuwa ndefu na ya fahari. Mtazamaji anayeitazama picha ya zamani ya Mji Mkongwe, akayaona madirisha yaliyopangika kwa nafasi zinazokaribiana, hushuhudia bila kujua kipimo kilichowekwa na miti ya Rufiji.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana mara ya kwanza, kwa sababu linabadilisha mahali pa kuanzia utafiti. Mtafiti anayezitafuta picha za Rufiji katika kabati lililoandikwa Rufiji atapata chache, ilhali anayezitafuta kwenye picha za forodha za Unguja na za bandari za Ghuba, miti ikiwa imerundikwa ufukoni tayari kuuzwa, ataiona kazi ya wakataji wa delta. Wenyewe wakataji hawamo. Utawala wa Kijerumani uliiweka misitu ya mikoko chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1898, ukatoza ushuru wa ukataji, na ukaendeleza biashara ya magome yenye maji ya kukandia ngozi. Mambo hayo yote yaliandikwa katika madaftari ya hesabu kwa uangalifu, lakini mtu aliyeshika shoka kwenye matope hadi magotini hakuwa na nafasi katika daftari wala mbele ya lenzi.

Meli ya vita na jicho la ndege

Mwaka 1914 delta ilipata ghafla umaarufu ambao haikuutafuta. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa imefika Dar es Salaam mwezi Juni mwaka huo, na tarehe 20 Septemba iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Unguja. Mitambo yake ikiwa na hitilafu, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, na vipande vya mitambo hiyo vikaburutwa nchi kavu kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Mwishoni mwa Oktoba meli za Kiingereza ziligundua ilipo. Tarehe 10 Novemba Waingereza walizamisha meli ya mizigo Newbridge katika mmoja wa mikondo ili kuziba njia, na mwezi huo huo rubani raia, Denis Cutler, akaanza kurusha ndege ya majini kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo karibu na Mafia. Mafia yenyewe ilitekwa Januari 1915, na mwezi Aprili ndege za jeshi la majini, miongoni mwa marubani wake akiwemo John Tulloch Cull, zilipita juu ya meli hiyo na kuipiga picha.

Picha hizo ni miongoni mwa picha za mwanzo za angani katika eneo hili la Afrika. Zina chembechembe nyingi na ukungu kidogo, mikondo inaonekana kama mikanda myeupe, mikoko ni zulia jeusi lisilo na mshono, na meli ni umbo jembamba lililobanana na ukingo wa maji. Mpigaji alitaka jambo moja tu, nalo ni mahali halisi pa shabaha, ili mizinga ya meli za maji mafupi Severn na Mersey, zilizoletwa mahsusi kwa sababu zingeweza kupita mahali ambapo meli kubwa zingekwama, ielekezwe sawasawa. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La tarehe 11 Julai lilifaulu, ndege ikielekeza mizinga kutoka juu, na Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe pale pale ilipokuwa. Mizinga yake kumi mikubwa ilitolewa, ikatengenezewa magurudumu na kutumika katika vita vya nchi kavu hadi mbali na delta. Mmoja umewekwa Fort Jesus mjini Mombasa, mwingine Pretoria.

Mabaki ya Königsberg yalipigwa picha mara nyingi katika miongo iliyofuata, na hapa ndipo msomaji wa picha anapohitaji elimu ya maji. Katika picha moja meli imelala ubavu, mabomba yake ya moshi yakiwa bado yamesimama na sitaha ikiwa kavu, ilhali katika nyingine maji yameifunika sitaha na kinachoonekana ni vyuma vichache vinavyochomoza. Asiyeijua delta atadhani miaka mingi imepita kati ya picha hizo mbili. Huenda zimepigwa wiki moja. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kiasi cha kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii huzidi mita 3, na tofauti hiyo inatosha kuificha au kuifunua sitaha nzima. Wauzaji chuma walianza kuikatakata meli hiyo katika miaka ya 1920, na katikati ya miaka ya 1960 mabaki yaliyokuwa juu ya maji yalizama matopeni. Kwa hiyo kupanga picha za mabaki hayo kwa kufuata miaka ni kazi inayotaka jedwali la maji ya bahari, alama za vyuma vilivyokwisha kung'olewa, na ushauri wa mvuvi wa Salale, kwa pamoja.

Kasoro kubwa ya mkusanyo huu wa vita haipo katika ubora wa picha. Ipo katika yale yaliyochukuliwa kuwa hayafai kupigwa. Katika picha za angani vijiji vya delta, mashamba ya mpunga na njia za mitumbwi vimo, kwa sababu lenzi haikuweza kuvikwepa, lakini maelezo yaliyoandikwa chini ya picha huitaja meli, mkondo na mlengo wa mizinga pekee. Wakazi waliobeba mizigo, walioelekeza njia, walioporwa chakula na majeshi ya pande zote mbili, na waliokumbwa na njaa bondeni mwaka 1917 wakati majeshi yalipokwama katika mvua na mafuriko makubwa ya mwaka huo, hawatajwi. Vita vya Rufiji vimeandikwa katika lugha nyingi kama kisa cha meli moja, na picha zimesaidia sana kukifanya kisa hicho kiaminike hivyo. Huu ni upotoshaji unaostahili kusahihishwa waziwazi, na vifaa vya kuusahihisha vimo ndani ya picha zile zile.

Bumu la Kuwait, 1939

Mkusanyo wa pili wenye utajiri ni wa baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliyesafiri kutoka Aden mwishoni mwa mwaka 1938 katika bumu la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi. Bumu ni jahazi kubwa lenye ncha mbele na nyuma, lililozoea kuja Afrika Mashariki na pepo za kaskazi na kurudi na kusi. Baada ya Lamu, Mombasa na Unguja, bumu hilo liliingia delta ya Rufiji mwaka 1939 kupakia boriti za kwenda Ghuba. Kitabu cha Villiers kilitoka mwaka 1940, na picha zake zimehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Bahari huko Greenwich, Uingereza.

Thamani ya picha za Villiers ni kwamba zilipigwa na mtu aliyelala sitahani na mabaharia, akala nao, na akaijua kazi ya tanga kwa mikono yake, hivyo zinaionyesha kazi kwa undani ambao ofisa wa serikali asingeufikia: namna kamba zinavyovutwa kwa pamoja, namna miti inavyopangwa tumboni mwa chombo hadi nafasi yote ikajaa, namna mwili wa baharia unavyopinda chini ya mzigo. Ni picha za kazi, na zinaheshimu wafanyakazi. Hata hivyo ni lazima isemwe kwamba heshima hiyo iliishia kwenye ukingo wa chombo. Kuhusu delta yenyewe Villiers aliandika kwa uchovu na chuki, akitaja joto, mbu, matope na homa, na delta katika kazi yake ni mahali pa mateso ambapo mabaharia wa Kiarabu hulazimika kupita ili wapate riziki. Kwamba mahali hapo palikuwa na wenyeji wenye misikiti, mashamba, ndoa na migogoro ya mipaka, ambao kwao matope yale yalikuwa nyumbani, ni jambo ambalo msomaji hawezi kulipata kwa mwandishi huyo.

Kwa upande wa mpangilio wa kazi, boriti hazikufika pembeni mwa bumu zenyewe. Zilikatwa ndani ya msitu, zikavutwa hadi kwenye vijito vidogo, zikasubiri maji kujaa, ndipo mitumbwi na mashua zikazitoa hadi kwenye mkondo mkubwa. Mlolongo huo uliwategemea watu waliojua saa ambayo kijito fulani kina maji ya kutosha na saa ambayo mtu akichelewa atalala humo hadi maji yajae tena. Kila fungu la boriti linaloonekana sitahani katika picha za mwaka 1939 ni ushahidi wa ujuzi huo, na maelezo kamili ya picha hizo yangepaswa kuwataja wenye ujuzi huo kabla ya kumtaja nahodha. Kuhitimisha sura hii ya biashara, Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, na Tanzania nayo ikabana ukataji mwishoni mwa muongo huo, kwa hiyo majahazi makubwa ya aina ile hayaji tena kupakia, na picha za Villiers zimekuwa kumbukumbu ya shughuli iliyokoma.

Vilima ambavyo kamera haikuvipanda

Upande wa ardhi ya juu, hali ni ya upungufu. Mohoro, kusini mwa bonde, palikuwa na boma la Wajerumani, na ndipo Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye dawa yake ya maji iliwaunganisha wapiganaji wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa mwezi Agosti 1905. Vita hivyo vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi, kusini tu mwa delta, vimeacha katika makusanyo ya Kijerumani picha za maboma, za askari na za mateka waliofungwa minyororo, na ni picha za mshindi akijionyesha. Habari za upande wa pili zimetufikia kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1968 wanafunzi na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, G. C. K. Gwassa akiwa miongoni mwao, walikusanya simulizi za wazee walioviona vita hivyo au waliosimuliwa na wazazi wao, na bila kazi hiyo historia ya Maji Maji ingebaki kuwa ile iliyoonekana kutoka ndani ya boma.

Mwaka huo huo wa 1968 mafuriko makubwa yalilikumba bonde la Rufiji, na mwaka uliofuata serikali iliendesha Operesheni Rufiji, iliyowahamisha wakazi wa bondeni kwenda kwenye vijiji vipya vya ardhi ya juu, kama Ikwiriri, Mkongo na Chumbi, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji vya ujamaa kuenea nchi nzima kati ya 1973 na 1976. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika makazi ya Rufiji ya karne ya 20. Watu walioishi wametawanyika kwenye kingo za mto, wakilima mpunga wakati wa mvua na mazao ya mlau baada ya maji kupwa, yaani kilimo kinachotumia unyevu na udongo mpya ulioachwa na mafuriko, waliwekwa katika safu za nyumba mbali na mashamba yao. Wengi waliendelea kushuka bondeni kila msimu na kuishi katika madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ambamo mkulima na familia yake hukaa kuulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe pori na maji. Mtafiti Kjell Havnevik, katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliichambua Rufiji kama mfano wa maendeleo yanayopangwa kutoka juu, na uchambuzi wake bado unafaa kusomwa.

Picha rasmi za enzi ya vijiji, kote nchini, zina mtindo unaotambulika: barabara iliyonyooka, nyumba zilizopangwa, shule mpya, trekta, kiongozi akihutubia. Picha za namna hiyo si za uongo, kwani shule zilijengwa kweli na watoto wakasoma kweli, lakini zinaonyesha mahali watu walikofika na haziwezi kuonyesha walikotoka. Nyumba ya bondeni iliyoachwa, mwembe uliokuwa mpaka wa shamba la ukoo, makaburi yaliyobaki ng'ambo ya maji, hayo hayakupigwa. Picha za delta zilipigwa na wageni waliokuja kwa meli au ndege, na picha za vilimani zilipigwa na serikali, na katika pande zote mbili mkazi alikuwa kitu cha kutazamwa. Hapa tofauti na miji ni kubwa mno. Katika mji wa Unguja, mtu wa kawaida aliweza kuingia katika studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, akavaa alivyotaka, akasimama alivyotaka na kuondoka na picha yake. Mkazi wa Mbuchi au Kiongoroni aliyetaka picha ya aina hiyo alilazimika kuvuka maji na kwenda mjini, na picha nyingi za watu wa delta za kabla ya miaka ya 1980, kama zipo, zimo katika masanduku ya ndugu zao Temeke, Mafia na Unguja. Masanduku hayo ni hazina ambayo taasisi yoyote inayojali historia ya Rufiji ingepaswa kuanza nayo.

Kusoma maji na miti

Upo upande mmoja ambao picha za kale, hata zilizopigwa kwa nia mbaya, zina ushahidi usiopatikana penginepo, nao ni upande wa mto wenyewe. Rufiji haitulii kitandani mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko, sehemu kubwa ya maji yake ilihama kutoka matawi ya kusini kwenda ya kaskazini, na maji matamu yakapenya mahali ambapo awali maji ya chumvi yalitawala. Wakulima wa kaskazini mwa delta waliona fursa, wakafyeka mikoko na kupanda mpunga, na kutoka hapo ukazuka mgogoro wa muda mrefu kati yao na walinzi wa misitu juu ya nani mwenye haki ya ardhi ambayo mto wenyewe umeibadilisha. Mpango wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 1991, uliosimamiwa kitaalamu na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitegemea picha za angani kuchora mipaka ya misitu, na tangu 1972 setilaiti za Landsat zimekuwa zikiongeza picha za kulinganisha.

Picha za mwaka 1915 na za 1939 zinaurudisha ulinganisho huo nyuma kwa nusu karne na zaidi, lakini kwa sharti kwamba anayezisoma anaitambua miti. Mkoko wenye mizizi ya magongo inayojipinda kutoka shinani huashiria ukingo wa mkondo wenye maji ya chumvi yanayopanda na kushuka, mchu, ambao mizizi yake huchomoza matopeni kama vijiti vilivyonyooka, huvumilia chumvi nyingi, na msikundazi hupenda mahali ambapo maji matamu ya mto yana nguvu. Katika picha iliyopigwa karibu na ukingo, miti hiyo hutofautishwa kwa macho, na hivyo picha iliyopigwa kwa ajili ya meli hugeuka kuwa kipimo cha chumvi ya maji ya mwaka ule. Wakata boriti na wavuvi wa delta huitambua miti hiyo kwa kutazama tu. Wahifadhi wa nyaraka wa London au Frankfurt, kwa bidii yao yote, hawana ujuzi huo, na ndiyo maana picha nyingi zimebaki na maelezo ya jumla tu, kama vile mto wa Afrika, msitu, au wenyeji.

Umuhimu wa kazi hii umeongezeka katika miaka ya karibuni. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022 juu ya bonde, na mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti na kuharibu mashamba na makazi. Wakazi, wahandisi na viongozi hujadili ni kipi katika mabadiliko ya maji kilicho kipya na kipi kilichokuwepo tangu zamani, na mjadala huo unahitaji ushahidi wa miaka mia, usioweza kupatikana kwa kumbukumbu za vituo vya kupimia maji peke yake.

Zilipo, na zinapopaswa kuwa

Kwa sasa picha za Rufiji zimetawanyika. Picha za Dobbertin zimo katika Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani. Makumi ya maelfu ya picha za iliyokuwa jumuiya ya kikoloni ya Ujerumani zimo katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Zile za kampeni ya Königsberg zimo katika Jumba la Makumbusho ya Vita la London, za Villiers zimo Greenwich, na mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya miaka ya 1860 na 1960, umo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Sehemu kubwa ya makusanyo hayo imewekwa kwenye intaneti, na mwanafunzi wa Kibiti mwenye simu anaweza kuifungua. Kinachomzuia ni kwamba maelezo yameandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza, majina ya mahali yameandikwa kwa tahajia za wageni, na hakuna anayemwambia kuwa tawi la mto analoliona ndilo analovuka kwenda Nyamisati kupanda chombo cha Mafia.

Marekebisho ya hali hii hayahitaji fedha nyingi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ikishirikiana na halmashauri za Kibiti na Rufiji inaweza kuomba nakala za picha hizo, kuzichapa kwa ukubwa unaosomeka na macho ya mzee, na kuzipeleka Salale, Mbuchi, Nyamisati, Utete na Ikwiriri ili zisomwe na wenyeji, kijiji kwa kijiji, huku maelezo yao yakirekodiwa kwa Kiswahili na kwa Kindengereko, kama simulizi za Maji Maji zilivyorekodiwa mwaka 1968. Walimu wa historia na jiografia wa shule za sekondari wanaweza kuianza kazi hiyo hata kabla ya barua ya serikali kufika. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka ishirini wakati wa Operesheni Rufiji sasa amekaribia miaka themanini, na kila familia ya Rufiji yenye mzee wa umri huo, na yenye picha ya zamani sandukuni, inaombwa iketi naye mwaka huu, iandike nyuma ya picha hiyo jina la mtu, la kijiji na la mkondo, kwa kalamu isiyofutika.